Philip Henry Gosse: Mtu Aliyeitia Bahari Ndani ya Kioo

Kabla sijakusimulia maisha ya bwana huyu, yafaa nikueleze kwanza tulivyojuana, maana yeye alifariki mwaka wa 1888 na mimi nimezaliwa juzi tu. Kilichotukutanisha ni chupa ya peremende.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, mimi na wenzangu watatu tulipania kuonyesha wanyama wa baharini katika maonyesho ya sayansi hapa shuleni. Kwetu ni pwani, upande wa Kilifi, na babu yangu ni mvuvi, kwa hivyo niliona kazi hiyo ni rahisi kama kunywa maji. Tuliomba dukani ile chupa kubwa ya plastiki inayowekewa peremende, tukaisafisha. Siku ya bamvua, maji yalipokupwa sana, tukashuka hadi mwambani. Tulitia samaki wadogo saba, kaa wawili na kiti cha pweza mmoja. Kisha, kwa ajili ya urembo tu, tukavunja kipande cha tumbawe hai chenye rangi ya zambarau, tukakiweka katikati. Lo! Ilipendeza kweli.

Asubuhi ya siku ya tatu harufu ilitupokea tukiwa bado mlangoni. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na samaki wote wanaelea matumbo juu. Darasa zima lilitucheka, na mimi nikajifanya nacheka pia.

Nyumbani babu hakunigombeza. Alilichukua lile tumbawe, ambalo sasa lilikuwa limekufa na kuwa jeupe kama mfupa, akalipakata kiganjani. Akaniuliza kama najua limechukua miaka mingapi kufika ukubwa ule. Sikuwa na jibu. Basi akanirudishia, akaenda zake kushona wavu. Afadhali angenichapa.

Mwalimu wetu wa Biolojia ndiye aliyeniambia nisikate tamaa. Alisema watu wameshindwa na jambo hilo kabla yangu, na kwamba kuna Mwingereza mmoja ambaye nikisoma maisha yake nitajua nilikosea wapi. Nikasoma. Ninayokusimulia sasa ndiyo niliyoyapata.

UTOTO WAKE

Philip Henry Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili mwaka wa 1810 katika mji wa Worcester, Uingereza. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogondogo za sura za watu, na alitembea mji hadi mji akitafuta wateja. Kazi hiyo haikuwa na pesa nyingi. Philip alikulia Poole, mji wa bandari ulio kusini mwa Uingereza, ambako meli zilipakia na kupakua mizigo kila siku. Kwa hiyo hata yeye alikuwa mtoto wa pwani kama sisi.

Alikuwa na shangazi aliyependa sana viumbe. Shangazi huyo ndiye aliyemfundisha kuchora wadudu na wanyama, tena kwa uangalifu, akihesabu miguu na mabawa asikosee. Nilipofika hapo nilisita kidogo. Sisi katika mazoezi ya Biolojia huchora haraka haraka ili tupate alama, kumbe mtu anaweza kujifunza kuona kwa kuchora!

Akiwa na miaka 15 tu, yaani mdogo kunishinda mimi, aliajiriwa karani katika ofisi ya wafanyabiashara hapo Poole. Masomo yake ya shule yakaishia karibu na hapo. Hakuwahi kuingia chuo kikuu hata kimoja.

MIAKA YA KUTANGATANGA

Mwaka wa 1827 alipandishwa meli akapelekwa Newfoundland, kisiwa cha baridi kali kilicho mashariki mwa Kanada, akafanye ukarani katika mji wa Carbonear. Biashara ya huko ilikuwa ya samaki waliokaushwa. Mchana aliandika hesabu za watu, na saa za mapumziko alikimbilia porini kutafuta wadudu. Mwaka wa 1832 alinunua kitabu cha kale kuhusu hadubini, na kuanzia siku hizo akaamua kwamba maisha yake yatakuwa ya kuchunguza viumbe. Mwaka huohuo pia alishika dini ya Kikristo kwa moyo wake wote, na hakuiacha hadi kufa.

Msomaji, usidhani mambo yalimnyookea. Mwaka wa 1835 alihamia Compton, kule Quebec, akajaribu kilimo. Alilima miaka mitatu na shamba likamshinda. Mwaka wa 1838 akaenda Alabama, Marekani, akafundisha watoto wa wenye mashamba makubwa ya pamba kwa miezi kama minane hivi. Huko aliona utumwa kwa macho yake, akachukizwa sana. Mwaka wa 1839 alirudi Uingereza akiwa hana mali. Alichokuwa nacho ni madaftari yaliyojaa michoro na maelezo ya wadudu, ndege na mimea.

Madaftari hayo ndiyo yaliyomwokoa. Shamba lililomshinda lilimpa kitabu chake cha kwanza kuchapishwa, kilichohusu viumbe vya Kanada, mwaka wa 1840. Ama kweli, mkulima aliyekosa mavuno alivuna kitabu.

Mwaka wa 1844 alisafiri tena, safari hii hadi Jamaika, kukusanya ndege na wanyama wengine kwa ajili ya British Museum. Alikaa huko kama miezi 18. Alimwajiri kijana mmoja mweusi wa hapo Jamaika, jina lake Samuel Campbell, ambaye alikuwa hodari wa kutambua na kunasa ndege. Jambo lililonifurahisha ni kwamba Gosse hakulificha jina la kijana huyo. Alipoandika kitabu chake cha ndege wa Jamaika, kilichotoka mwaka wa 1847, alimtaja na kumsifu. Wako wasomi wengi wa zama hizo waliosaidiwa na wenyeji kisha wakajipa sifa zote wao wenyewe.

BAHARI NDANI YA KIOO

Mwaka wa 1848 Gosse alimwoa Emily Bowes, mwanamke mwandishi, na mwaka wa 1849 wakajaliwa mtoto wa kiume, Edmund. Waliishi London. Gosse aliandika usiku na mchana hadi afya yake ikavurugika, na mwaka wa 1852 akashauriwa aende pwani ya Devon kupumzika. Pumziko gani! Alipoyaona maji yakikupwa na kuacha vidimbwi miambani, alianza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya.

Wakati huo tatizo lilikuwa hili: ukimtoa mnyama wa bahari na kumtia katika chombo, hufa upesi. Ni sawasawa na yaliyotupata sisi na chupa yetu. Watu wachache walikuwa wamepata njia. Mama mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, alikuwa ametengeneza matangi ya kioo huko Sicily mwaka wa 1832 ili achunguze aina ya pweza mwenye kombe. Mama mwingine, Anna Thynne wa London, aliweka matumbawe hai nyumbani kwake kuanzia mwaka wa 1846. Mjakazi wake alikuwa akiyamimina yale maji kutoka chombo kimoja hadi kingine kila siku ili yapate hewa. (Wasichana wenzangu mnaoikimbia sayansi, mmesikia?) Naye Robert Warington, mwanakemia wa London, alieleza mwaka wa 1850 kwamba mimea na wanyama wakiwekwa pamoja kwa kipimo, hutunzana.

Hapa ndipo penye siri. Mnyama huvuta oksijeni iliyomo majini na kutoa kabonidayoksaidi. Mmea ukipata mwangaza hufanya kinyume chake. Kwa hivyo ukiweka wanyama wachache na mwani wa kutosha, kisha ukaliweka tangi mahali penye mwangaza, maji hubaki hai. Gosse alilijaribu jambo hili kwa maji ya bahari, mtungi baada ya mtungi. Aligundua kwamba mwani mwekundu na wa kijani ndio unaofaa zaidi. Na kwa kuwa mwani hauna mizizi, bali umejishikiza jiweni, alitembea na nyundo na patasi akachonga kile kijiwe pamoja na mwani wake. Ukiung'oa wenyewe, unaoza na kuchafua maji.

Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ambayo ndiyo akwariamu ya kwanza duniani iliyofunguliwa kwa umma. Gosse ndiye aliyewapelekea wanyama wengi wa baharini. Watu walimiminika. Wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona samaki akiogelea kwa ubavu, isipokuwa yule aliyelala sahanini.

Mwaka uliofuata, 1854, alitoa kitabu chake, na ndani yake akalieneza hilo neno akwariamu. Kabla ya hapo watu walitumia majina marefu ya kutatanisha. Kitabu kilikuwa na picha za rangi alizochora mwenyewe, mkono uleule uliofundishwa na shangazi. Pia alieleza jinsi mtu aliye mbali na pwani anavyoweza kutengeneza maji ya bahari mwenyewe kwa kuchanganya chumvi za aina nne katika maji baridi. Kitabu kilinunuliwa kama njugu. Mwaka wa 1856 yule karani asiye na shahada alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza.

FURAHA ILIYOGEUKA

Sasa nafika mahali ambapo nilipokuwa nikisoma niliweka kitabu chini.

Mwaka wa 1857 ulimwendea vibaya sana. Mwezi wa Februari mkewe Emily alifariki kwa saratani ya matiti. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho ndani yake alijaribu kupatanisha imani yake na habari za umri wa mawe na mifupa ya kale iliyochimbuliwa ardhini. Wanasayansi walikikataa, na watu wa dini nao hawakukipenda. Akahamia St Marychurch, karibu na Torquay, yeye na mwanawe mdogo, akarudi kwenye vidimbwi vyake. Huko alimaliza kitabu kikubwa, mwaka wa 1860, kuhusu wale wanyama wa bahari wanaofanana na maua, wenye mikono mingi laini inayouma kama upupu. Mwaka huo pia alioa tena.

Lakini pwani haikuwa ileile. Vitabu vyake vilikuwa vimewasha moto. Kila mwenye nafasi Uingereza alitaka akwariamu sebuleni. Watu walipanda gari la moshi, wakashuka ufuoni na ndoo, nyundo na patasi kama alivyowafundisha yeye, wakabomoa miamba na kuvizoa vidimbwi. Wengi hawakujua kutunza. Wanyama walikufa kwa wingi, nao wakarudi kuchukua wengine. Wafanyabiashara nao wakaingia, wakikusanya wa kuuza. Edmund, yule mwanawe, alipokuwa mtu mzima alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1907 kwamba vile vidimbwi alivyochezea na baba yake akiwa mtoto, vilivyojaa uzuri, vilikuwa vimebaki vitupu. Akasema pia kwamba jambo hilo lilimhuzunisha sana baba yake, kwa sababu alijua vitabu vyake ndivyo vilivyowaonyesha watu njia.

Fikiria hayo, msomaji. Mtu aliipenda bahari kupita kiasi, akawafundisha watu kuipenda, na mapenzi yao yakaila bahari. Hakuwa mtu mbaya. Nilipolisoma hilo nikaliona tena lile tumbawe jeupe kiganjani mwa babu. Mimi pia sikuvunja kwa ubaya. Nililipenda.

Gosse aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni, akachunguza vijidudu vya majini kwa hadubini na nyota kwa darubini. Alishikwa na kifua usiku mmoja wa baridi alipokuwa akitazama nyota dirishani, na hakupona sawasawa. Alifariki tarehe 23 Agosti 1888, akiwa na miaka 78.

TULIVYOANZA UPYA

Mwalimu alikuwa amesema nikimaliza kusoma nitajua nilikosea wapi. Nilikosea pengi. Basi mwaka huu tulianza tena, na kwa wale wanaotaka kujaribu, hizi hapa hatua zetu.

Kwanza, chombo. Chupa ina shingo nyembamba, hewa haiingii vizuri. Fundi wa madirisha alituunganishia vipande vya kioo kwa gundi ya silikoni, tangi pana lisilo refu kwenda juu. Hakutumia chuma, kwani maji ya chumvi hula chuma.

Pili, maji. Tuliyachota wakati wa kujaa, mbali na mto na mitaro. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Jua likiyakausha kidogo, chumvi haiondoki, inabaki na kuzidi ukali. Kwa hiyo tulitia alama kwenye kioo, na maji yakishuka twaongeza ya mvua, sio ya bahari. Maji ya mfereji huwa na klorini, usiyatie hivihivi.

Tatu, subira. Hapa ndipo sisi tulipoua. Samaki hutoa uchafu wenye amonia, nayo ni sumu kwake. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti isiyo kali. Ndio ule mzunguko wa naitrojeni tunaoukariri darasani! Bakteria hao huhitaji majuma kadhaa kuongezeka kwenye mchanga na mawe. Gosse hakuijua habari hii ya bakteria, lakini alijua kwamba tangi jipya halijazwi kwa pupa. Sisi tuliweka maji, mchanga, mawe yaliyojiangukia ufuoni na mwani kidogo, tukangoja majuma sita. Wenzetu walituuliza ati tunafuga maji. Tukanyamaza.

Nne, uchache. Baada ya majuma hayo tulitia konokono wawili wa kula ukungu wa kijani. Juma lililofuata, kaa mmoja mdogo anayeishi ndani ya kombe la konokono. Kisha samaki mmoja wa kidole. Basi. Tunamlisha kidogo, na kinachobaki tunakitoa.

Tano, tumbawe hatuliweki. Tumbawe ni mnyama, tena ndani ya mwili wake mnaishi mimea midogo mno inayompikia chakula kwa mwangaza. Hutaka maji safi mno, mwangaza mkali na joto lisilobadilika. Maji yakizidi joto hupauka na kufa, kama yalivyopauka mengi katika pwani yetu mwaka wa 1998. Hiyo si kazi ya anayeanza. Na katika hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, huruhusiwi kuokota hata kombe.

Samaki wetu yu hai hadi ninapoandika haya. Amejichimbia shimo chini ya jiwe, na akiona kivuli cha mwalimu huingia ndani kama sisi tu. Tumekubaliana kwamba muhula ukiisha tutamrudisha palepale tulipomtoa, yeye na wenzake, wakati maji yanajaa. Wengine katika chama walipinga, wakasema tumtunze tuonyeshe tena mwaka ujao. Nikawasimulia habari za vile vidimbwi vya Devon. Tukapiga kura, tukashinda kwa kura mbili.

Na lile swali la babu nimelipatia jibu. Matumbawe yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Nilikipima kile kipande kwa rula yangu: sentimita 14. Kumbe nilikivunja kikiwa na umri unaokaribia wangu. Nilipomwambia babu, aliitikia kwa kichwa tu. Kesho yake, kwa mara ya kwanza, akanichukua mtumbwini.

Nakutakia masomo mema, mpenzi msomaji. Ukipita mlangoni petu, ingia umwone samaki kabla hajaenda kwao. Ila usigonge kioo.